Barakoa ya Pumzi ya Usiku: Ni Uso wa Nani Uliopimwa?

Karibu kila kiwanda kina mtu mmoja ambaye wenzake wamempachika jina la utani kwa sababu ya usingizi. Akiketi juu ya gunia wakati wa chai, analala. Akipanda lori la kampuni, analala kabla lori halijatoka getini. Usiku, katika nyumba za kambi, majirani wanamsikia akikoroma ng'ambo ya ukuta, kisha kimya kinaingia, kisha anashtuka kwa mkoromo mmoja mkubwa kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Sisi tumezoea kumcheka. Msimamizi naye amezoea kumwandikia barua ya onyo kwamba ni mvivu au mlevi.

Mara nyingi si uvivu wala si pombe. Ni ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini. Njia ya hewa iliyoko nyuma ya ulimi imezungukwa na nyama laini isiyoshikiliwa na mfupa. Tunapolala misuli hulegea, na kwa baadhi ya watu njia hiyo hubanana hadi ikajifunga. Kifua kinavuta, hewa haipiti. Zinapita sekunde kumi, ishirini, pengine dakika nzima. Damu inapungukiwa na oksijeni, ubongo unamshtua mwenyewe, anavuta pumzi kwa nguvu, analala tena, na asubuhi hakumbuki lolote. Kwa aliyezidiwa jambo hili hutokea mara 30 au zaidi katika kila saa moja. Huyo anaamka amechoka kuliko alivyolala, na kwa miaka presha ya damu inapanda na moyo unaumia. Mwaka 2019 watafiti walikadiria kwamba watu wazima wapatao milioni 936 duniani, wenye umri wa miaka 30 hadi 69, wana ugonjwa huu kwa kiwango fulani, na kati yao milioni 425 ni wa kiwango cha kati au kikali. Hao si matajiri wanene wa mijini peke yao, kama watu wanavyodhani.

Kwa mfanyakazi anayesimama mbele ya msumeno, au anayeshika usukani, usingizi huu ni hatari ya kweli. Tarehe 1 Desemba 2013, katika mtaa wa Bronx mjini New York, treni ya abiria iliingia kwenye kona ikienda zaidi ya kilomita 130 kwa saa mahali palipotakiwa kilomita 48. Watu wanne walikufa. Wachunguzi wa serikali waligundua kwamba dereva alikuwa na ugonjwa huu bila mtu yeyote kuutambua, na tena kwamba wiki mbili tu kabla ya ajali zamu yake ilikuwa imehamishwa kutoka jioni kwenda alfajiri. Tarehe 29 Septemba 2016 treni nyingine ikagonga mwisho wa reli katika stesheni ya Hoboken, jimbo la New Jersey. Mwanamke mmoja aliuawa na watu zaidi ya 100 wakajeruhiwa. Dereva huyo naye alikuwa na ugonjwa uleule, mkali, na hakuwa amepimwa. Serikali ya Marekani ilikuwa imeanza kuandaa kanuni za kuwapima madereva wa treni na malori, lakini mwezi Agosti 2017 mpango huo uliondolewa. Tunaomba wasomaji wakumbuke habari ya ile zamu iliyohamishwa, kwa sababu ajali ikitokea huwa ni rahisi sana kumlaumu mtu na kuisahau ratiba iliyompangia saa za kulala.

Sasa tuje kwenye tiba yenyewe. Dawa kuu ya ugonjwa huu si kidonge. Ni upepo. Mashine ndogo iliyo kando ya kitanda inasukuma hewa kupitia bomba mpaka kwenye barakoa iliyofungwa usoni, na msukumo huo unaizuia njia ya koo isijifunge, kama vile upepo unavyoushikilia mpira wa baiskeli usibonyee. Aliyebuni njia hii ni daktari Colin Sullivan wa mji wa Sydney, Australia. Alikuwa amefanya utafiti wa pumzi za mbwa waliolala, akawatengenezea barakoa za pua. Mwezi Juni 1980 alimpata mgonjwa ambaye hali yake ilikuwa mbaya. Wakati ule tiba iliyokuwapo kwa wagonjwa kama huyo ilikuwa kutoboa tundu kooni na kuweka bomba la kupitishia hewa, naye mgonjwa alikataa kutobolewa. Daktari akachukua mota ya kupuliza ya mashine ya kufyonza vumbi, akaifanya isukume badala ya kuvuta, akaiunganisha na pua ya mgonjwa. Msukumo ulipopandishwa, pumzi zilipita sawasawa. Uliposhushwa, koo lilijifunga tena. Mtu yule akalala usingizi mzito usiku kucha. Habari hizo zilichapishwa katika gazeti la madaktari la The Lancet mwaka 1981.

Mota, basi, ilipatikana upesi. Kazi ngumu ilikuwa barakoa, na mpaka leo kazi ngumu ni hiyo.

Katika miaka ile ya kwanza kila mgonjwa alichukuliwa umbo la pua yake kwa plasta, ile wanayofungia mfupa uliovunjika, na juu ya umbo hilo ikatengenezwa barakoa ya faiba. Kila usiku mgonjwa aliibandika puani kwa gundi ya silikoni inayoganda haraka, na kila asubuhi akaibandua. Fikiria, ndugu msomaji, kubandika kitu usoni kila siku kama kiraka cha tyubu! Lakini walivumilia, kwa sababu walikuwa wamesahau usingizi ni kitu gani. Ilipofika katikati ya miaka ya 1980 viwanda vya Marekani, na baadaye vya Australia, vilianza kutengeneza barakoa za aina moja kwa wingi, za plastiki na mpira wa silikoni, zenye mikanda ya kufungia kichwani. Gundi ikaachwa. Matatizo mengine yakaanza.

Ili tuyaelewe matatizo hayo tupige hesabu kidogo, maana hesabu hii inamhusu fundi yeyote wa pampu au boila. Msukumo wa mashine hizi hupimwa kwa sentimita za maji, kwa kawaida kati ya 4 na 20. Chukua mrija, utumbukize kwenye ndoo ya maji mpaka kina cha sentimita 10, kisha puliza mpaka povu litoke. Nguvu hiyo ya kupuliza ndiyo sentimita 10 za maji. Si nyingi. Lakini maana yake ni kwamba kila sentimita moja ya mraba ya uso iliyo chini ya barakoa inasukumwa kwa uzito wa gramu 10. Barakoa ya pua ikifunika sentimita 25 za mraba, upepo unaisukuma itoke usoni kwa uzito wa gramu 250. Barakoa kubwa ya pua na mdomo ikifunika sentimita 60, ni gramu 600, yaani zaidi ya nusu kilo. Msukumo ukipandishwa hadi 15, inakuwa gramu 900. Nani anaizuia isitoke? Ni mikanda. Na mikanda inakaza wapi? Kwenye mfupa wa pua, ambako ngozi ni nyembamba na nyama ya kuukinga haipo.

Hapo ndipo wengi wanaposhindwa. Barakoa inavuja, upepo unapiga jichoni, jicho linawasha. Mgonjwa anakaza mkanda. Barakoa inajikunja, inavuja mahali pengine, anakaza tena. Baada ya wiki mbili ana kidonda juu ya pua, mashine inawekwa chini ya kitanda, na Jumatatu anasinzia tena kwenye mtambo. Waliomtibu wanaandika kwamba mgonjwa hakufuata maagizo. Sisi tunaona kwamba mara nyingi ni kifaa kilichoshindwa kumfuata mgonjwa.

Maendeleo makubwa yalikuja pale wabunifu walipoacha kutegemea kukaza. Mtu aliyewahi kufungua pampu ya baiskeli anakijua kile kikombe cha ngozi kilicho mwishoni mwa mti wake. Ngozi ile haikukazwa kwa skrubu dhidi ya ukuta wa pampu. Imelegea, na ukisukuma, upepo wenyewe unaitanua mpaka inashika ukuta na kuzuia uvujaji. Kadiri msukumo unavyozidi ndivyo inavyoshika. Mapema katika miaka ya 1990 barakoa za usingizi zilianza kutumia akili hiyohiyo: ukingo wa ndani ukawa utando mwembamba sana wa silikoni, unaojikunja kuelekea ndani, ambao upepo wa mashine unaujaza na kuulaza juu ya ngozi. Baadaye ukawekwa ukuta wa pili nyuma yake, mnene zaidi, wa kubeba uzito, ili ule mwembamba ufanye kazi moja tu ya kuziba. Tangu hapo mkanda umebaki na kazi ya kushikilia barakoa mahali pake, wala si kuigandamiza. Anayeendelea kukaza kwa nguvu anaukunja ule utando na kuuharibia kazi yake.

Njia nyingine ilikuwa kupunguza eneo lenyewe. Ziko barakoa ambazo si barakoa hasa, bali ni vijimto viwili vya silikoni vinavyokaa kwenye matundu ya pua. Kwa hesabu ile ya juu, eneo likiwa sentimita 4 tu za mraba, upepo unasukuma kwa gramu 40, kwa hiyo mkanda mmoja mwembamba unatosha na mfupa wa pua hauguswi kabisa. Mwenye ndevu nyingi huvipenda hivi, kwa kuwa barakoa kubwa huvuja kwenye ndevu. Lakini anayelala mdomo wazi havimfai, maana upepo unaingia puani na kutokea mdomoni, na koo linakauka kama limepakwa majivu. Huyo hupewa barakoa kubwa, au chombo cha maji ya vuguvugu cha kuutia upepo unyevu. Bomba nalo limehamishwa katika baadhi ya mitindo: badala ya kuning'inia mbele ya uso na kuvuta barakoa kila mtu anapojigeuza, linatokea utosini. Ni jambo dogo, lakini anayelala kifudifudi atakuambia tofauti yake.

Liko tundu katika barakoa ambalo watu wengi hulidhania kasoro, tena tumesikia wapo wanaoliziba kwa utepe. Msilizibe! Hewa tunayotoa ina kaboni dioksaidi, na kwa kuwa bomba ni moja tu la kuleta hewa, hewa chafu lazima ipate pa kutokea. Matundu yale madogo ndiyo njia yake. Kwa msukumo wa sentimita 10 hutoa kama lita 30 za hewa kwa dakika, na mashine imetengenezwa kwa kuhesabu uvujaji huo. Barakoa za zamani zilikuwa na tundu moja au mawili makubwa yaliyopiga mluzi na kumpulizia baridi mwenzako wa kitandani. Za siku hizi zina vitundu vingi vidogo vinavyoutawanya upepo kimya.

Sasa umeme ukikatika? Swali hili linatuhusu zaidi kuliko linavyowahusu watu wa Sydney. Mashine ikizima, matundu yale peke yake hayatoshi kuleta hewa safi. Mwenye barakoa ya pua hufungua mdomo na kuendelea kupumua. Mwenye barakoa ya pua na mdomo hutegemea vali ndogo ya mpira iliyo karibu na kiungo cha bomba: upepo wa mashine unapokuwapo unaifunga, ukiisha inajilegeza na kufungua njia ya hewa ya chumbani. Kijimpira hicho kikiwa kigumu, kichafu au kimepotea, barakoa hiyo haifai kuvaliwa. Kabla ya kununua barakoa iliyotumika, na zinauzwa, angalia vali kabla ya kuangalia bei.

Tumesema barakoa sasa zinatengenezwa kwa wingi, kwa saizi. Tuulize basi: saizi za nani? Wenzetu wanaovaa maski za vumbi na za dawa za kunyunyizia mimea wanaijua taabu hii kabla hata ya kusikia habari za usingizi. Huko Marekani, maski za kazini zilizofanyiwa majaribio tangu miaka ya 1970 zilipimwa kwa jedwali la nyuso lililotokana na askari wa jeshi la anga waliopimwa mwaka 1967 na 1968. Askari vijana, waliochaguliwa kwa afya na umbo! Mwaka 2003 taasisi ya serikali ya usalama kazini ya nchi hiyo iliwapima upya wafanyakazi 3,997, wanaume kwa wanawake, wa asili mbalimbali, na ikaonekana kwamba zaidi ya asilimia 15 yao walikuwa nje ya lile jedwali la zamani. Yaani kwa miaka 30 hivi mfanyakazi mmoja katika kila sita au saba alivaa kitu ambacho hakikupimwa kwa uso kama wake, na kikimvujia akaambiwa hajui kuvaa.

Barakoa za usingizi zinakabiliwa na swali hilohilo. Mgongo wa pua ulio mrefu na mwembamba na ule ulio mpana na wa chini haviwezi kuzibwa na ukingo mmoja. Kampuni zimeongeza saizi, zimetoa mitindo midogo kwa wanawake, na zingine huweka karatasi ya kupimia pua ndani ya boksi. Siku hizi wapo wanaopiga picha ya uso kwa simu au kwa kamera maalumu, kisha mashine ya kuchapa maumbo inatengeneza ukingo unaolingana na mtu huyo mmoja; hasa imesaidia kwa watoto, ambao nyuso zao hazimo katika saizi yoyote ya dukani. Ukitazama vizuri, huko ni kurudi kwenye plasta ya mwaka 1980, ila bila plasta. Hatuoni ubaya.

Ubaya tunauona kwenye vipuri. Mdomo wa bomba la kawaida una kipimo kimoja kilichokubaliwa duniani, milimita 22, na kwa sababu hiyo barakoa ya kiwanda kimoja huweza kufungwa kwenye mashine ya kingine. Hii ni baraka kwa nchi zinazoagiza vitu kutoka mbali. Lakini baadhi ya mashine ndogo za safari zimetoka na viungo vyake vyenyewe, visivyoshika kitu kingine. Fundi yeyote aliyewahi kutafuta boliti ya nyuzi za ajabu kwa trekta la kigeni anajua tunasema nini. Kwa mtu anayenunua kwa mshahara wa kiwandani, afadhali mashine kubwa kidogo yenye mdomo wa kawaida.

Kampuni kubwa nazo hukosea, na inafaa tujue. Mwezi Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kurudisha mamilioni ya mashine zake kwa sababu sponji la ndani la kupunguza kelele liliweza kuoza na chembe zake kuingia katika hewa anayovuta mgonjwa. Mwezi Septemba 2022 ikatoa onyo juu ya barakoa zake zenye vishikizo vya sumaku. Sumaku zile ni rahisi kufunga hata gizani, na mwenye vidole vilivyokakamaa huzifurahia, lakini zinaweza kuvuruga kifaa cha kuendeshea moyo au chuma kingine kilichopandikizwa mwilini. Aliye na kifaa cha namna hiyo, au anayelala naye, asizisogeze karibu yake kuliko sentimita 15. Anayenunua mashine kuukuu aulize namba yake kama imo katika zile zilizorudishwa.

Kuna jambo moja tena, nalo ni la chama zaidi kuliko la hospitali. Mashine za leo zinahesabu. Zinaandika saa ulizovaa barakoa, kiasi ilichovuja, mara ngapi pumzi imekatika, na nyingi hutuma habari hizo kwa mtandao wa simu. Kwa daktari ni msaada mkubwa. Lakini huko Marekani bima ya serikali ya wazee huendelea kulipia mashine kwa mgonjwa aliyeonyesha, ndani ya miezi mitatu ya kwanza, kwamba katika siku 30 mfululizo aliivaa saa nne au zaidi kwa asilimia 70 ya usiku, yaani usiku 21. Na mwaka 2016 mahakama ya rufani ya nchi hiyo iliamua kwamba kampuni moja ya malori ilikuwa na haki ya kumlazimisha dereva apimwe usingizi kwa sababu ya unene wake tu. Hatupingi kupimwa; ajali za treni tulizozitaja zinatosha kuonyesha haja yake. Tunachosema ni kwamba kabla ya mwajiri kuleta vipimo kiwandani, kamati ya tawi imwulize mambo yafuatayo na ipate majibu kwa maandishi: nani atalipia mashine na barakoa, mfanyakazi atapewa kazi gani kwa mshahara gani wakati anaizoea, nani ataziona hesabu za usiku wake, na kama barakoa ya kwanza haimfai, atapewa ya pili bila kuandikwa mkaidi? Vilevile swali la soketi. Katika kambi nyingi chumba kina taa moja tu ya darini, na mashine hii haiendeshwi kwa taa.

Kwa wale ambao tayari wameipata, haya ndiyo tunayoweza kuwaeleza. Barakoa isijaribiwe ukiwa umekaa kwenye kiti cha kliniki na mashine imezimwa. Uso uliolala si uso uliokaa. Mashavu yanashuka, na mikanda inabadilika. Omba kulala chali, kisha ubavu, mashine ikipuliza kwa msukumo wako wenyewe, ndipo ufunge mikanda kutoka ilikolegea kuelekea kukaza, na uache mara uvujaji unapokoma. Siku za mwanzo ivae saa moja jioni ukiwa macho, ukisikiliza redio, ili mwili uizoee. Mafuta ya ngozi ndiyo adui wa silikoni, kwa hiyo nawa uso kabla ya kulala, na asubuhi osha ukingo kwa sabuni ya kawaida isiyo kali na maji ya vuguvugu, uuanike kivulini. Usitumie jiki wala spiriti. Utando ukigeuka rangi, ukawa mgumu au ukachanika, hata mkanda ukazwe vipi hautaziba tena, na huo ndio wakati wa kudai mwingine. Omba ukingo peke yake, maana mara nyingi huuzwa mbali na fremu na kwa bei ndogo zaidi, ingawa si kila muuzaji atakuambia.